Berlin hadi Kisaki ni kilometa ngapi?

Siku hizi swali la umbali limekuwa jepesi mno. Unaandika majina ya miji miwili kwenye mtandao, unabonyeza, na kabla hujapepesa macho jibu limeshakuja. Berlin hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 7,000 kwa mstari mnyoofu wa angani. Kwa ndege kubwa ya abiria inayokwenda kilometa 850 au 900 kwa saa, hayo ni mambo ya saa nane hivi. Basi, umemaliza.

Haya, sasa jaribu Berlin na Kisaki. Najua wapo wadau watakaouliza, Kisaki ndiyo wapi? Kisaki ipo mkoa wa Morogoro, nyuma ya milima ya Uluguru ukitokea mjini, kwenye tambarare ya mto Mgeta. Ni mlangoni mwa lile Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Piga hesabu ya angani kutoka Berlin na utapata karibu kilometa 7,000 vilevile. Tofauti na Dar es Salaam ni ndogo kiasi kwamba rubani asingeisikia.

Kwa hiyo kwa hesabu ya mtandao, Dar es Salaam na Kisaki ziko umbali mmoja kutoka Ulaya. Mtu yeyote aliyewahi kwenda Kisaki wakati wa masika atacheka mpaka machozi yamtoke.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu leo. Kuna vitu viwili tunavichanganya kila siku: muda wa kuruka na muda wa safari. Muda wa kuruka ni hesabu ya kilometa na mwendo. Muda wa safari ni pamoja na tope, mbung'o, mto uliofurika, na mtu anayebeba mzigo kichwani. Kisaki ni mahali pazuri pa kuitazama tofauti hiyo, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 150 karibu kila aina ya safari imepita hapo au jirani yake: msafara wa miguu, jeshi, ndege, na treni. Na kila mara kuna watu fulani waliolipa ile tofauti.

Mwezi mmoja kufika Zungomero

Tuanze na miguu. Kabla ya wakoloni, njia moja kubwa ya misafara kutoka pwani kwenda bara ilipita kusini mashariki mwa Uluguru, katika nchi ya Wakutu. Kituo chake kikubwa kiliitwa Zungomero, kwenye bonde hilohilo la Mgeta. Hapo misafara inayopanda na inayoshuka ilikutana, ikapumzika, ikanunua chakula na kuajiri wapagazi wapya.

Waingereza Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857. Waliondoka upande wa Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni. Walifika Zungomero mwishoni mwa Julai. Yaani karibu mwezi mzima kwa safari ambayo ndege ndogo ya leo ingeimaliza chini ya saa moja! Walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku 134 tangu waondoke pwani. Ujiji waliifikia Februari 1858.

Usidhani walikuwa wazembe. Walianza na punda, na punda wale wakafa mmoja baada ya mwingine. Homa iliwaangusha wazungu wenyewe mara kwa mara. Msafara haukutembea kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, ulitembea kwa mwendo wa mpagazi mwenye mzigo, njaa na kidonda mguuni. Kati ya waliowawezesha alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa India, akarudi, na baadaye akaongoza misafara ya wazungu kadhaa. Vitabu vya shule vinatuambia nani "aligundua" ziwa gani. Havituambii sana ni nani aliyebeba maji.

Angalia pia jinsi watu wa wakati ule walivyotaja umbali. Haikuwa maili. Ilikuwa siku, vituo, na maji. Ukiuliza Zungomero ni mbali kiasi gani, unajibiwa ni mwendo wa siku kadhaa, na kama mvua imenyesha ongeza. Kwangu mimi hilo ni jibu la kweli kuliko la kompyuta, kwa sababu ndani yake kuna njia yenyewe na siyo nukta mbili tu.

Miaka ishirini na ushee baadaye njia hiyo iliua tena. Mwaka 1879 Keith Johnston, mchora ramani kutoka Uskoti aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, alifia Behobeho, kusini ya Kisaki. Uongozi ukachukuliwa na kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, akaufikisha msafara ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Kijana wa miaka 21! Nawaambia wenzangu tunaolalamika kwamba tunapewa majukumu kabla ya wakati.

1916: Angani saa moja, ardhini wiki mbili

Sasa tuingie kwenye vita. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro mjini. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa wameshaondoka, wakizunguka milima ya Uluguru kuelekea kusini, kwenye akiba yao ya chakula na silaha. Akiba hiyo ilikuwa Kisaki.

Kwa mstari wa angani, Morogoro hadi Kisaki ni kilometa 70 na ushee tu. Upande wa Waingereza kulikuwa na kikosi cha ndege, Namba 26, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini. Ndege zao za aina ya BE2c zilikuwa za mbao, waya na kitambaa, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilometa 115 kwa saa. Hata ndege ya namna hiyo, ikivuka milima yenye kilele cha zaidi ya meta 2,600, ingeweza kuiona Kisaki ndani ya saa moja.

Askari wa miguu na wa farasi hawakuwa na anasa hiyo. Kikosi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali Brits kilizunguka upande wa magharibi kupitia Mlali mwishoni mwa Agosti. Kilifika Kisaki tarehe 7 Septemba, kimechoka na farasi wamepungua. Lettow-Vorbeck alikuwa anawangoja. Aliwarudisha nyuma siku hiyo, na siku iliyofuata akakirudisha kikosi kingine kilichokuja kwa njia tofauti bila kujua wenzao wameshashindwa. Vikosi viwili vilivyokuwa karibu kwenye ramani havikuweza hata kupeana habari. Wajerumani waliiacha Kisaki kwa hiari yao katikati ya Septemba, wakavuka Mgeta.

Na hapo vita ikasimama. Tangu Septemba hadi mwisho wa Desemba 1916 majeshi mawili yalitazamana kwenye mto Mgeta. Kilichomsimamisha Smuts hakikuwa risasi peke yake. Farasi walikufa kwa ndorobo, ule ugonjwa wa mbung'o. Magari yalizama kwenye tope. Malaria na kuhara vililaza askari. Chakula kilichotoka pwani na reli ya kati hakikufika cha kutosha.

Nani aliyekifikisha hicho kidogo kilichofika? Wapagazi. Hebu tupige hesabu ndogo. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Tuseme anakula kilo moja ya unga kwa siku. Safari ikiwa siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, na chakula chake mwenyewe kimo ndani ya mzigo huohuo, anafika na kilo 13, na akizitoa zote hana cha kurudia. Akibakiza cha kurudia, amefikisha kilo moja! Ndiyo maana jeshi lilihitaji watu wengi kiasi cha kutisha, wengine wa kubebea chakula cha wabebaji. Upande wa Waingereza na washirika wao, kwa vita nzima ya Afrika Mashariki, wapagazi wanakadiriwa kufikia kama milioni moja. Waliokufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, wanakadiriwa kukaribia laki moja. Upande wa Wajerumani nako walikamatwa watu, wakabebeshwa, na mashamba yao yakaliwa. Waluguru na Wakutu walikuwa katikati ya njia ya wote wawili.

Tarehe 4 Januari 1917, Waingereza waliposogea tena, Kapteni Frederick Selous, mwindaji maarufu mwenye umri wa miaka 65, alipigwa risasi Behobeho na akafa. Amezikwa hukohuko. Miaka michache baadaye pori zima likapewa jina lake. Mpagazi aliyebeba mizigo ya kikosi hicho hakupewa hata kichuguu.

Saa 95 kutoka Yambol hadi Yambol

Sasa njoo kwenye kisa kinachonifanya niandike haya yote. Mwaka 1917 Berlin ilikuwa imeshaelewa kwamba haiwezi kumfikia Lettow-Vorbeck kwa bahari, kwa kuwa meli za Kiingereza zilikuwa zimeifunga. Ardhini haiwezekani. Likabaki anga.

Wakatengeneza chombo aina ya Zeppelin, lile puto refu lenye mifupa ya chuma chepesi, wakakiita L59. Kilikuwa na urefu wa meta 226, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiwekwa kwa urefu. Ndani kulikuwa na watu 22 na shehena ya takriban tani 15: bunduki za rashasha, risasi, dawa, bandeji. Cha ajabu ni kwamba chombo hakikukusudiwa kurudi. Kikifika kingechanwa vipande: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, mifupa yake iwe minara ya redio. Ilikuwa tiketi ya kwenda tu.

Kituo cha kuanzia kilikuwa Yambol, nchini Bulgaria, mahali pa kusini zaidi walipoweza kuanzia. Nahodha Ludwig Bockholt aliondoka tarehe 21 Novemba 1917. Wakapita Uturuki, wakavuka bahari ya Mediterania, wakaingia Misri na jangwa lake. Mchana joto la jangwa lilikirusha chombo juu na chini, usiku baridi ikakidondosha. Injini moja ikaharibika. Wanajeshi waliumwa vichwa na macho kwa mwanga wa mchanga. Lakini wakasonga mbele mpaka Sudan.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa magharibi ya Khartoum, redio ikanasa amri: rudini. Habari zilizofika Berlin zilisema kwamba jeshi la Lettow-Vorbeck limepoteza nyanda za juu za Makonde, mahali ambapo chombo kilitarajiwa kutua. Kuna hadithi tamu inayosema amri ile ilikuwa ya uongo, imetungwa na majasusi wa Kiingereza. Tamu, lakini amri ilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Bockholt akageuza, na tarehe 25 Novemba asubuhi L59 ikatua Yambol, palepale ilipoanzia.

Ilikuwa imekaa hewani saa 95 bila kutua. Imesafiri kilometa 6,757.

Zitazame tarakimu hizo vizuri. Yambol hadi Kisaki kwa mstari wa angani ni karibu kilometa 5,700. Yambol hadi mto Ruvuma ni zaidi kidogo ya 6,100. Maana yake L59 iliruka umbali wa kutosha kufika Kisaki na kuchenji ikabaki, na wa kutosha kufika Ruvuma pia. Kwa hesabu ya umbali wa kuruka, safari ilifaulu! Kwa hesabu ya safari yenyewe, hakuna hata bandeji moja iliyomfikia majeruhi. Na siku ileile ya tarehe 25 Novemba, L59 ikitua Bulgaria, Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno, kwa miguu, na mizigo yake ikiwa vichwani mwa watu.

Nimejaribu kuigeuza ile shehena kuwa watu. Tani 15 ni kilo 15,000. Gawa kwa kilo 25: wapagazi 600. Wajerumani walitumia chombo cha kisasa kuliko vyote walivyokuwa navyo ili kufanya kazi ya wapagazi 600, na kazi haikufanyika. Wakati huohuo malaki ya wapagazi halisi walikuwa wanafika kila siku, mahali kusikofikika, na hakuna aliyeandika saa zao. Tunajua kwamba L59 ilikaa hewani saa 95. Tuambie basi, mtu aliyebeba sanduku la risasi kuzunguka Uluguru alitembea saa ngapi?

Saa 109 au siku 45?

Vita ilipokwisha, wazungu walitaka kuruka Afrika nzima. Waliporuka, tofauti ileile ikajitokeza.

Kwanza vilihitajika viwanja. Kati ya Cairo na Cape Town maelfu ya Waafrika walikata miti na kubomoa vichuguu ili ndege zipate mahali pa kutua, na Tabora ilikuwa mojawapo. Januari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy iliyogharimiwa na gazeti la The Times la London iliondoka Uingereza kwenda Cape Town. Tarehe 27 Februari ilianguka Tabora na safari yake ikaishia hapo. Tabora ileile ambayo Burton aliifikia kwa siku 134 akitokea pwani.

Waliofika ni Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini. Waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari 1920. Ndege yao ya kwanza ilivunjikia karibu na mpaka wa Misri na Sudan, ya pili ikaanguka Bulawayo, na wakaingia Cape Town na ya tatu tarehe 20 Machi. Muda wa kuruka ulikuwa saa 109 na dakika 30. Muda wa safari, siku 45. Ukisoma kitabu kinachosifu marubani utaona saa 109. Ukimuuliza mke wa rubani angekwambia siku 45.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kuleta barua kutoka London hadi Mwanza. Mwaka 1932 njia ilifika Cape Town, ikipitia Moshi, Dodoma na Mbeya, kwa siku 11. Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet ilitoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe chini ya saa 24. Dunia ikaanza kusema kwamba umbali umekufa.

Umekufa kwa nani?

Tazama Kisaki. Mwaka 1932 abiria wa London aliweza kutua Dodoma, kisha akaendelea na safari yake ya Cape Town. Mkulima wa Kisaki aliyetaka kwenda Morogoro alitembea. Reli ilifika kwake baada ya Uhuru, wakati Tanzania, Zambia na China zilipojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya Kisaki. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini ilipita Kisaki, ikaweka stesheni, na kwa mara ya kwanza mtu wa hapo aliweza kufika Dar es Salaam bila kuuchosha mguu. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko L59 mara mia.

Leo tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro chini ya saa mbili. Watalii wanaruka kutoka Dar es Salaam na kutua kwenye viwanja vidogo vya hifadhini, jirani kabisa na Kisaki, wakiwa bado na ubaridi wa hotelini. Lakini kutoka Morogoro mjini kwenda Kisaki unapita Mkuyuni, Matombo, Mvuha na Dutumi, njia ya mzunguko iliyo karibu mara mbili ya ule mstari wa angani. Kiangazi utapoteza nusu siku. Masika, mvua ndiyo itakayokupangia ratiba.

Ndiyo maana nasema hesabu ya umbali siyo mchezo wa kompyuta. Mama mjamzito anayehitaji kupasuliwa usiku wa Aprili hapimi kilometa 70. Anapima muda. Mkulima mwenye magunia ya mpunga hapimi kilometa 200 za angani hadi soko la Dar es Salaam, anapima bei itakayobaki baada ya kulipa lori lililokwama njiani. Na mwanasiasa anaposimama jukwaani akasema mahali fulani "ni karibu tu", muulize: karibu kwa nani, kwa chombo gani, mwezi gani?

Kwenye Dar es Salaam yetu kuna mahali ambapo tofauti hii imeandikwa, ila tumezoea mno kiasi cha kutoiona. Mwaka 1927 ilisimamishwa ile Sanamu ya Askari katikati ya jiji, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Juu kabisa yupo askari na bunduki. Mpagazi hana sanamu yake. Ana kitu kingine: baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kambi ya kile kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps, iliwekwa pembeni ya mji, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo.

Kwa hiyo siku ukiwa Kariakoo unasukumwa na mwenye mkokoteni anayepiga kelele umpishe, mpishe. Yuko kazini, na kazi hiyo ni kongwe kuliko ndege zote.